Jinsi ya Kupiga Kambi Prineville Reservoir: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua kwa Familia

Mwongozo huu unahusu hifadhi moja tu, Prineville Reservoir State Park, iliyoko katikati ya jimbo la Oregon nchini Marekani. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikizipeleka huko familia zinazozungumza Kiswahili, nyingi zikiwa zimetoka Kongo, Burundi na Tanzania, kulala kwenye mahema kando ya bwawa. Picha za mahali hapo huonyesha maji mapana, jua kali na watoto wakiogelea, na kwa sababu hiyo karibu kila familia inayokwenda kwa mara ya kwanza hujiandaa kwa joto. Bwawa hilo liko kwenye mwinuko wa takriban mita 990, katika nyanda kame zilizo nyuma ya milima ya Cascade, ambako mawingu ya mvua hufika yakiwa yameshamwaga maji yake upande wa pili, na hewa kavu haiwezi kulishika joto la mchana jua likishazama. Baada ya siku ya nyuzi 32 za Selsiasi, usiku unaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na hata mwezi wa Juni si ajabu kuamka na kukuta umande umeganda juu ya hema. Kwa hiyo hatua zote zinazofuata zimepangwa kwa kuutanguliza usiku na ukavu, kisha ndipo yaje mambo ya kuogelea.

Hatua ya 1: Chagua tarehe kwa kuangalia kiwango cha maji

Bwawa hili halikujengwa kwa ajili ya wapiga kambi. Ukuta wake wa udongo na mawe, uitwao Arthur R. Bowman Dam, wenye kimo cha takriban mita 75, ulikamilishwa mwaka 1961 na idara ya serikali ya shirikisho iitwayo Bureau of Reclamation ili kuzuia mafuriko ya mto Crooked River na kuwapatia wakulima maji ya kumwagilia mashamba. Wakati wa baridi huachwa nafasi ya kupokea mafuriko, majira ya kuchipua bwawa hujazwa na theluji inayoyeyuka milimani, na kiangazi chote maji huendelea kutolewa. Likijaa, bwawa huwa na urefu wa karibu kilomita 24. Kufikia Septemba ufuo unaweza kuwa umerudi nyuma sana na kuacha tope pana kati ya nyasi na maji. Katika ukame wa mwaka 2022 maji yalipungua kiasi kwamba aliyevuta boti kutoka mbali kwa matumaini ya kulishusha alikuta nchi kavu.

Bureau of Reclamation hutangaza kiwango cha maji kwenye intaneti kila siku. Kiangalie kabla ya kulipia, na ukiangalie tena wiki moja kabla ya safari. Mimi hupendelea wiki mbili za mwisho za Juni, kwa sababu maji huwa bado yako juu, mchana huwa na joto la kutosha kwa watoto, na moshi wa moto wa misituni, ambao Agosti unaweza kulifunika eneo zima, mara nyingi huwa haujaanza. Ikiwa nyota ndizo zinazokupeleka, tafuta usiku wa mwezi mwandamo, kwani mwezi mpevu huzifuta mbinguni.

Nafasi za kambi za jimbo la Oregon zinaweza kuwekwa miezi 6 kabla ya siku ya kufika. Kwa wikendi za Juni na Julai usingoje; weka nafasi mara tu mlango unapofunguliwa.

Hatua ya 2: Amua utalala wapi

Kambi kuu ndiyo ninayoishauri familia yenye watoto wadogo, kwa sababu ina mabafu ya maji ya moto, mabomba ya maji ya kunywa na miti inayotoa kivuli, pamoja na vibanda vya mbao kwa wazee wasioweza kulala chini. Kambi ya Jasper Point, iliyo upande wa mashariki, ni tulivu zaidi na huwafaa wenye magari ya kulala. Mapokezi huanza saa kumi alasiri, na siku ya kuondoka nafasi inatakiwa kuwa wazi kufikia saa saba mchana.

Hatua ya 3: Funga mizigo ya usiku kabla ya mizigo ya mchana

Safari yangu ya kwanza nilibeba mablanketi manne na mkeka kwa watu watano, nikiamini kwamba Julai ni Julai popote. Saa tisa usiku binti yangu mdogo alikuwa akitetemeka hata meno yakigongana, na tulimalizia usiku ule ndani ya gari. Nilijifunza hapo kwamba baridi inayoumiza zaidi hutoka ardhini, na kwamba blanketi la tatu juu ya mwili halisaidii kitu ikiwa chini kuna mkeka peke yake. Tangu siku hiyo naanza na godoro la povu nene kwa kila mtu, au magodoro mawili membamba yaliyopandanishwa, ndipo ufuate mfuko wa kulalia unaohimili nyuzi 0. Kila mtu awe na kofia ya sufu, soksi kavu ambazo hazikuvaliwa mchana, na sweta. Godoro la kujazwa upepo lisitumike peke yake, kwa maana hewa iliyo ndani yake hupoa pamoja na ardhi.

Ukavu nao unataka maandalizi. Jasho hukauka kabla hujalihisi, kwa hiyo mtu anaweza kupungukiwa na maji mwilini huku ngozi yake ikiwa kavu kabisa. Hesabu lita 4 kwa kila mtu kwa siku, na uwape watoto maji kwa saa maalumu badala ya kungoja waombe. Beba pia mafuta mazito ya ngozi na ya midomo, maana midomo hupasuka siku ya pili.

Kwa upande wa chakula, maharage yachemshwe nyumbani na kugandishwa, kwani gesi nyingi huishia kwenye sufuria ya maharage yasiyoiva. Yakiwa yameganda hufanya kazi ya barafu kwenye sanduku la baridi siku nzima ya kwanza. Ugali hauna shida yoyote, mradi jiko likingwe upepo.

Hatua ya 4: Fuata njia inayofika kambini

Kutoka Portland hadi mji wa Prineville ni takriban kilomita 235 kwa barabara kuu ya 26, inayopita kando ya Mount Hood, ikakata ardhi ya makabila ya Warm Springs na kufika Madras. Jaza mafuta, nunua barafu na kuni Prineville, kisha ushike barabara ya Juniper Canyon kwa kilomita 27 hivi hadi kambini. Wengi hupotea kwa kuiambia simu iwapeleke kwenye ukuta wa bwawa. Hapo huelekezwa barabara ya 27, inayofuata bonde la Crooked River na kuwafikisha upande mwingine. Hifadhi ramani kwenye simu kabla ya kuondoka mjini, kwa sababu mtandao hauaminiki huko.

Kuni zinunuliwe hapo karibu, wala zisibebwe kutoka Portland. Mwaka 2022 mdudu anayeua miti iitwayo ash kwa Kiingereza, mwenye asili ya Asia, alionekana Oregon kwa mara ya kwanza katika mji wa Forest Grove, na kuni zinazosafirishwa ni miongoni mwa njia zake kuu za kuenea.

Hatua ya 5: Simamisha hema kwa kuuheshimu upepo

Asubuhi bwawa hulala kama kioo, lakini alasiri upepo huamka, mara nyingi ukitoka magharibi, na hema lisilofungwa vizuri huruka. Ardhi ni ngumu na ina mawe, kwa hiyo vigingi vya plastiki vinavyouzwa pamoja na hema huvunjika. Nunua vya chuma na ubebe nyundo. Elekeza mlango mbali na upepo, kaza kamba zote hata kama hewa imetulia, na usiwahi kuliacha hema tupu bila vitu vizito katika pembe zake.

Hatua ya 6: Uliza kuhusu moto kabla ya kuwasha

Nyasi za hapa hukauka mapema kiangazi, na vichaka vinavyofunika vilima, jamii ya pakanga, vina mafuta yenye harufu kali yanayoshika moto upesi. Kwa hiyo moto wa kuni unaweza kupigwa marufuku wakati wowote wa kiangazi, na tangazo la jana halitoshi. Soma bango la siku hiyo au umuulize mhifadhi, na daima uwe na jiko la gesi. Moto unaporuhusiwa, uwashwe ndani ya pete ya chuma tu, na kabla ya kulala umwagie maji, koroga majivu, mwagia tena, kisha weka kiganja karibu na majivu. Ukihisi joto, rudia.

Hatua ya 7: Ingia majini asubuhi, ukiwa umevaa jaketi la kujiokolea

Hapa naomba msomaji anisikilize kwa makini, kwa kuwa wengi wetu hatukufundishwa kuogelea na hifadhi hii haina waokoaji ufuoni. Maji yana udongo mwingi uliochanganyika ndani yake, hivyo huoni chini, na sakafu ya bonde lililozamishwa inaweza kuporomoka ghafla hatua chache kutoka ufuoni. Mtoto akitumbukia humwoni. Sheria ya Oregon humtaka kila mtoto mwenye umri wa miaka 12 au chini yake avae jaketi la kujiokolea boti linapokuwa safarini. Sheria ya familia ninazoziongoza ni kwamba kila asiyejua kuogelea, mtoto kwa mzee, huvaa jaketi hata anapocheza ufuoni. Jaketi likazwe, kisha umwinue mtoto kwa mabega ya jaketi: likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno.

Mwenye kayaki aondoke alfajiri na arudi kabla ya saa sita mchana. Majira ya kuchipua maji huwa baridi kiasi cha kumkata mtu pumzi anapoanguka. Na ukiona utando wa kijani kama rangi iliyomwagwa, usiingie wala usiruhusu mbwa anywe, kwani baadhi ya miani hutoa sumu isiyoondolewa kwa kuchemsha.

Kwa wavuvi ni machache: kila mwenye umri wa miaka 12 na kuendelea anahitaji leseni, na samaki wanaopatikana ni pamoja na trauti, besi na krapi.

Hatua ya 8: Tazama unapokanyaga

Nyoka mwenye kayamba mkiani huishi kwenye mawe ya kandokando. Ukilisikia kayamba lake, simama, mtafute kwa macho, kisha rudi nyuma polepole. Anayeumwa atulizwe, asikatwe, asinyonywe wala asifungwe kamba, na upigiwe simu namba 911. Majira ya kuchipua kagua kupe miilini kila jioni. Mti wenye magome yanayochanika na vitunda vya buluu, ambao utauona kila upande, ni ndugu wa mtarakwa wa milima ya Kenya.

Hatua ya 9: Zima taa

Mwaka 2021 Prineville Reservoir ilikuwa hifadhi ya kwanza ya jimbo la Oregon kutambuliwa kimataifa kuwa Hifadhi ya Anga la Giza. Funika tochi kwa karatasi nyekundu, kwa maana jicho huhitaji karibu nusu saa kuzoea giza na taa nyeupe huiharibu kazi hiyo mara moja. Vaeni makoti, lazeni watoto kwenye turubai, na mngoje. Katikati ya Agosti Kilimia huchomoza upande wa mashariki ikikaribia saa sita usiku, na nimewaona wazee waliokuwa hawajakiona vizuri tangu waondoke kijijini wakianza kuwasimulia wajukuu wao, kwa sauti ya chini kwa sababu saa za utulivu huanza saa nne usiku, jinsi kilivyowaongoza wakulima kujua msimu wa kupanda.

Hatua ya 10: Ondoka ukiwa mkavu

Boti au kayaki imwagwe maji yote, kizibo kitolewe kabla ya kushika barabara kama sheria inavyoagiza, na matope na majani yasuguliwe hapohapo, ili kome wageni na magugu ya majini visisafiri nawe hadi ziwa jingine. Hema likunjwe jua likishakausha umande, yapata saa nne asubuhi. Ukilikunja likiwa na maji, fungua mfuko wake ukifika nyumbani ulianike siku hiyohiyo.