Kabla Hujabadilisha Vifaa vya Umeme vya Gitaa la Zamani

Anza kwa kujua ni nini hasa kimekufa. Gitaa likikwaruza unapozungusha kitufe cha volyumu, mara nyingi ni uchafu tu ndani ya potensiometa, kile kifaa kilicho chini ya kitufe kinachoongeza na kupunguza sauti. Nyunyizia dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, zungusha mwanzo hadi mwisho mara nyingi, sikiliza tena. Sauti ikikatika ukigusa kebo, jaribu kebo nyingine, kisha kagua jeki, tundu la kuchomekea kebo: nati ikilegea, jeki nzima huzunguka na kukata waya kwa ndani.

Piga picha za nyaya zote kabla hujagusa kitu. Mwanga uwe wa kutosha.

Na usitupe chochote kilichotoka. Hapa nisikilize vizuri. Rafiki yangu alirithi gitaa la baba yake, kosa lake lilikuwa kukwaruza tu. Fundi aliyelichukua akang'oa kila kitu: potensiometa, swichi, kapasita (kifaa kidogo kinachohifadhi umeme), hadi nyaya. Likarudi linalia safi, na kila mtu akafurahi. Baadaye rafiki yangu akataka kuliuza. Mnunuzi akafungua kifuniko, akachungulia, akauliza, "Vya zamani viko wapi?" Vilikuwa vimeshazolewa na takataka. Potensiometa nyingi za Marekani zina namba mgongoni: 1376612, kwa mfano, maana yake ni kiwanda cha CTS, mwaka 1966, juma la 12. Haikuambii siku gitaa lilipokamilika, lakini inakuhakikishia kwamba halikutengenezwa kabla ya hapo. Kwa gitaa lile, ambalo namba yake ya kichwani ilikuwa imefutika, huo ndio ushahidi pekee uliokuwepo. Mnunuzi akashusha bei vibaya sana, na hakuwa na ubaya wowote. Angenunua umri usio na uthibitisho? Kwa hiyo weka kila kipande kwenye kifuko na ukihifadhi ndani ya kasha la gitaa. Ukimpa fundi kazi, mwambie kabla hajashika bisibisi kwamba vya zamani unavitaka vyote.

Kabla ya kununua vifaa vipya, pima. Pikapu, vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, za koili moja kwa kawaida hutumia potensiometa zenye ukinzani wa kiloomu 250, za koili mbili 500. Ukiweka 250 kwenye koili mbili, sauti inakuwa nzito na kukosa ung'avu. Pima pia unene wa shingo ya potensiometa, ile inayopita kwenye tundu: nyingine ni takriban milimita 9.5, nyingine 7 au 8. Usikubali kupanua tundu kwenye mbao ya zamani ili kifaa kipya kiingie. Tafuta kifaa kinachoingia.

Kwenye kulehemu, mgongo wa potensiometa hunyonya joto, hivyo pasi ya kulehemu iliyo dhaifu itakulazimisha kushikilia mpaka uiunguze. Tumia yenye nguvu, gusa, ondoa. Funika rangi ya gitaa kwa kitambaa. Waya uliozungushwa ndani ya pikapu ni mwembamba kuliko unywele. Usivute, na upime pikapu kwa multimita (kipimio cha umeme) kabla na baada ya kazi. Hakikisha waya wa ethi unaokwenda kwenye daraja la nyuzi umerudi mahali pake, la sivyo gitaa litavuma.

Fungua madirisha, moshi wa lehemu si wa kuvuta. Chomoa kebo kabla ya kuanza. Na kama mvumo unatoka kwenye amplifaya, usiifungue: kapasita zake hushika umeme wa kuua hata ikiwa imezimwa na kuchomolewa ukutani.