Somo: Umechomwa sindano ya makunyanzi na ndita ziko palepale, ufanye nini?

Dada zangu, na kaka zangu pia maana wanaume nao wanachoma, somo la leo ni la yule aliyekwisha kulipa, akachomwa sindano ya kulegeza makunyanzi, kisha akajitazama kwenye kioo akakuta uso ni uleule. Sisi wa Tabora na Kigoma huduma hii tunaifuata mbali, au inatufuata na mtu anayepita na mkoba wake. Ikishindikana, wengi hukimbilia sindano ya pili haraka. Nawasihi msifanye hivyo. Kwanza ijulikane ya kwanza imekwama wapi.

Hatua ya kwanza: hesabu siku

Dawa yenyewe ni sumu ya botulinamu aina ya A, iliyosafishwa na kupimwa kwa kiasi kidogo sana, na huuzwa kwa majina kama Botox na Dysport. Kazi yake ni kuzuia mshipa wa fahamu usiuamrishe msuli kujikunja. Haifanyi hivyo siku hiyohiyo. Mabadiliko huanza kuonekana kati ya siku ya 3 na ya 5, na nguvu yake hukamilika kama siku ya 14. Kabla ya hapo huwezi kusema imeshindwa. Piga picha mbili kwenye mwanga uleule: moja uso umetulia, nyingine umekunja ndita kwa nguvu zote. Zitunze, utazihitaji mbele ya daktari.

Hatua ya pili: jua ni mstari wa aina gani

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Siku ya 14 ikifika, simama mbele ya kioo ukunje uso. Kama nyusi hazisogeleani tena lakini mstari bado unaonekana, sindano imefanya kazi. Mstari uliobaki umeshachimbika kwenye ngozi yenyewe, kama alama ya mkunjo kwenye kanga iliyokaa sandukuni mwaka mzima. Hata ukiongeza dozi mara mbili, sindano ya msuli haiwezi kuinyoosha ngozi.

Mstari wa namna hiyo una njia zake. Krimu ya tretinoini usiku, kwa maelekezo ya daktari, hufanya kazi polepole kwa miezi. Kinga ya jua kila asubuhi huzuia mstari usizidi. Ipo pia fila, yaani sindano ya kujaza, nyingi zikiwa za asidi ya hayaluroniki. Lakini naomba mnisikie vizuri: fila ikiingia kwenye mshipa wa damu katikati ya nyusi inaweza kumpofusha mtu. Hapo si mahali pa mtu wa saluni. Leza na dawa za kuchubua nazo zipo, ila ngozi zetu nyeusi huacha madoa meusi kwa urahisi zikiunguzwa, kwa hiyo mtafute daktari aliyezoea ngozi nyeusi.

Kama nyusi bado zinakutana kwa nguvu zilezile, endelea na hatua inayofuata.

Hatua ya tatu: uliza habari za kichupa

Una haki ya kujua jina la dawa, namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi, ilichanganywa lini na ulipewa yuniti ngapi, yaani kipimo cha nguvu ya dawa. Kwa ndita za katikati ya nyusi, dozi ya kawaida ya Botox ni yuniti 20 zilizogawanywa sehemu 5. Ya Dysport ni yuniti 50. Msilinganishe namba hizo, kwa sababu yuniti ya dawa moja si sawa na ya nyingine. Anayejisifu kwamba amekupa nyingi aseme kwanza ni za dawa gani.

Kisha uliza baridi. Kichupa cha Botox hutunzwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8 za Selsiasi, na kikishachanganywa na maji ya chumvi, maelekezo ya mtengenezaji ni kitumike ndani ya saa 24. Sasa fikiria njia: Dar es Salaam hadi Kigoma kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na joto letu mnalijua. Dawa iliyochanganywa jana na kusafirishwa kwenye mkoba usio na barafu, mimi nisingekubali inikaribie. Bei ya chini kupita kiasi nayo ni ya kuitilia shaka: huenda dawa imezimuliwa, au ni bandia. Uliza kama imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba Tanzania. Ukinyimwa majibu, usirudi hapo.

Hatua ya nne: mchomaji

Sindano ikikosa msuli, upande mmoja hulegea na mwingine hubaki. Hakikisha aliyekuchoma ni daktari aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika.

Hatua ya tano: chagua

Dozi ikiwa ilikuwa ndogo, wapo madaktari wanaoongeza kidogo baada ya siku 14. Uamuzi huo ni wa daktari aliyekukagua. Vinginevyo subiri miezi 3, kisha mbadilishe dozi, sehemu za kuchoma au aina ya dawa.

Ukiona shida ya kumeza, sauti kubadilika, kuona vitu viwili au pumzi kubana, hata kama wiki kadhaa zimepita, nenda hospitali mara moja, iwe Kitete hapo Tabora au Maweni kule Kigoma.

Maswali ya wanachama

Mama wa Ujiji: Mwanangu, leo ni siku ya 6 na sioni kitu. Aliyenichoma anasema aniongezee kwa nusu bei kabla hajaondoka.

Shikamoo mama. Usikubali. Dawa ya kwanza bado haijamaliza kazi, na ukiongeza sasa, zote mbili zinaweza kuamka pamoja kope zikaanguka. Mwombe jina la dawa na namba ya toleo kabla hajapanda gari.

Mwalimu, Nzega: Mara mbili za kwanza ilinikaa miezi 4. Mara ya tatu imeisha mapema mno. Mwili umeizoea?

Inawezekana, ingawa ni nadra. Mwili unaweza kutengeneza kingamwili dhidi ya dawa, hasa kwa anayechoma mara kwa mara au dozi kubwa. Kwanza thibitisha kichupa na dozi vilikuwa vilevile. Kisha daktari anaweza kukupima kwa dozi ndogo upande mmoja wa paji la uso aone kama msuli unalegea. Ipo pia Xeomin, dawa nyingine ya aina hiihii, iliyoondolewa protini za ziada.

Dada wa Kibirizi: Naanika dagaa juani kutwa. Nikichoma sindano si napoteza hela?

Anza na kofia pana na krimu ya kuzuia jua, dada, uirudie mchana. Kukaza macho juani ndiko kunakokunja ndita zako, na jua lenyewe linaharibu ngozi. Mkorogo uache kabisa, maana krimu zenye steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba.

Mdogo wenu, Urambo: Shikamoo dada nesi. Nanyonyesha mtoto wa miezi 5. Naweza kurudia sindano iliyoshindwa?

Marahaba mdogo wangu. Hapana, ngoja umwachishe. Mjamzito pia asichome, wala mwenye ugonjwa wa kulegea misuli. Ukiwa tayari, anzia Kitete uombe rufaa kwa daktari wa ngozi, Bugando kule Mwanza au KCMC Moshi, na zile picha mbili uende nazo.