Jinsi ya kukagua kazi inayoumiza mwili, kama wanavyofanya wataalamu wa ergonomia

Kama kuna kazi ambayo watu wakiimaliza jioni wanashika viuno, au wanakung'uta mikono sababu ya ganzi, hiyo kazi inatakiwa ikaguliwe sasa hivi, usisubiri mpaka mtu alazwe. Wataalamu wa ergonomia, yaani fani ya kuifanya kazi ilingane na mwili wa mtu, wana utaratibu wao, na sehemu kubwa ya huo utaratibu hata supavaiza au mjumbe wa kamati ya usalama anaweza kuufuata bila vifaa vya gharama. Ila kitu kimoja ukishike tangu mwanzo: unakagua kazi, sio mtu. Ukianza na "huyu hajui kuinua mzigo" ushapotea, manake utaishia kumlaumu mfanyakazi na ile meza fupi itabaki pale pale ikimsubiri mwingine.

Anza na makaratasi lakini usikae huko sana. Angalia daftari la ajali, ruhusa za ugonjwa, idara gani watu wanaomba kuhamishwa kila mara. Sasa daftari likiwa tupu usishangilie, watu wengi wanaficha maumivu wakiogopa kupoteza kazi, kwa hiyo inabidi uwaulize wenyewe, na uwaulize pembeni, bosi asiwepo. Kuna dodoso la watafiti wa nchi za Nordiki la mwaka 1987 linalotumika mpaka leo, lina mchoro wa mwili uliogawanywa sehemu 9 kuanzia shingo na mabega mpaka kwenye vifundo vya miguu, mtu anaonyesha wapi pamemsumbua ndani ya miezi 12 iliyopita na wapi ndani ya siku 7. Watu wa kitengo kimoja wakionyesha wote bega la kulia, ushajua pa kuanzia. Mimi huwa naongeza swali moja, ni sehemu gani ya kazi hii ungeiondoa kama ungepewa ruhusa, na majibu yake mara nyingi yananipeleka moja kwa moja kwenye tatizo.

Halafu nenda ukatazame kazi inavyofanyika kweli, sio ilivyoandikwa kwenye mwongozo. Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Dakika za mwanzo mtu akijua anatazamwa ananyoosha mgongo na anafanya kila kitu taratibu, wewe subiri tu, akizoea utaona anavyoinama na anavyojipinda kweli. Tazama mizunguko kadhaa ya kazi, asubuhi wakiwa na nguvu na tena mwisho wa shifti wakiwa wamechoka, na kama kuna shifti ya usiku au siku za oda nyingi usiziache. Tazama mfupi na mrefu kwenye meza ile ile, manake kimo kinachomfaa mmoja kinamfanya mwenzake anyanyue mabega siku nzima. Omba ruhusa yao urekodi video kwa simu, na urekodi kwa ubavuni, ukisimama mbele yake hutaona mgongo umeinama kiasi gani, baadaye isimamishe video pale mkao unapokuwa mbaya kuliko yote na pia kwenye ule mkao unaojirudia sana.

Unatafuta nini? Mkao wa mwili, nguvu inayotumika, marudio, na muda bila kupumzika. Ongeza mtetemo wa mashine, baridi, na kingo ngumu zinazobana mkono au paja. Kimoja kimoja mwili unaweza kukivumilia, hatari inapanda vikikutana, yaani kukamua kitu kwa nguvu huku kifundo cha mkono kimepinda, na unarudia hivyo kila baada ya sekunde chache, hapo mishipa na kano hazipati nafasi ya kupona. Usisahau pia kazi ya kutotembea. Mtu aliyekaa mbele ya skrini ameinamisha shingo masaa mengi hajanyanyua kitu lakini misuli yake inafanya kazi muda wote.

Baada ya hapo ndio vipimo. Kwa kuinua mizigo watu wengi wanatumia hesabu ya NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini. Inaanza na kilo 23 kama mzigo wa juu kabisa hali zote zikiwa nzuri, halafu kila hali ikiharibika inapunguza. Chukua boksi la kilo 15 lililo sakafuni, mikono inalishika sentimita 50 mbele ya vifundo vya miguu na mtu anajipinda digrii 45. Umbali wa mbele ni 25 (sentimita zinazohesabika kuwa nzuri) gawanya kwa 50, yaani 0.5. Kushika chini kabisa ni 0.775, kujipinda ni 0.856. Zidisha zote na 23 unapata kama kilo 7.6, kwa hiyo lile boksi ni karibu mara mbili ya kinachoshauriwa, na hapo hatujaingiza umbali wa kulipandisha, ushikaji wala idadi ya mara (ukiinua mara moja kila dakika kwa masaa 8, unazidisha tena kwa 0.75). Sasa usibadilishe kitu kingine, sogeza tu boksi mpaka mikono iwe sentimita 25 mbele ya vifundo vya miguu, kile kikomo kinafika kilo 15.3. Ndio maana wataalamu wanahangaika na umbali kuliko uzito! Ila hesabu hii haihusu kuinua kwa mkono mmoja, kuinua umekaa au umepiga magoti, wala kumnyanyua mgonjwa, usiilazimishe huko.

Kwa mikao kuna fomu ya kutoa alama inaitwa RULA, ya 1993, inayoangalia zaidi mikono, shingo na mgongo, inatoa alama 1 mpaka 7 na 7 maana yake badilisha mara moja. Nyingine ni REBA ya 2000, inachukua mwili mzima na inafika 15. Zote ni za karatasi na kalamu. Namba yake ikusaidie kupanga ipi ianze kurekebishwa, usiichukue kama hukumu, manake alama ndogo kwa mtu anayelia na maumivu haimaanishi anadanganya. Mtetemo wa mashine za mkononi ndio unahitaji kifaa maalum, Umoja wa Ulaya unataka hatua zianze kwenye wastani wa 2.5 m/s² kwa siku ya masaa 8 na kikomo ni 5.

Kwenye kurekebisha, anza kuondoa hatari yenyewe: pandisha boksi kwenye meza, gawa mzigo, weka toroli, ondoa kuinua mzigo ule ule mara mbili. Kubadilishana kazi kwa zamu kunafuata, lakini hakikisha kazi wanayohamia inatumia misuli mingine kweli. Semina ya "kunja magoti" peke yake haitoshi, na mikanda ya mgongo NIOSH waliikagua mwaka 1994 wakasema hawaipendekezi kwa mfanyakazi asiye na jeraha, hela hiyo bora inunue meza inayopanda na kushuka.

Wafanyakazi wajaribu mabadiliko kabla hujanunua ya kutosha wote. Wiki chache baadaye rudi na dodoso lile lile, video kwa ubavu ule ule na hesabu ile ile, na pitia pia kituo kinachofuata, sababu mara nyingine maumivu ya kiuno yameisha hapa lakini mwenzao wa mbele sasa anapokea mabokisi haraka zaidi na bega lake ndio linaanza.