Jinsi ya kuikuza kampuni ya mafunzo ya uongozi mpaka iweze kutembea bila wewe

Kama we ndo yule anayeitwa kwenye semina za uongozi, unaongea kuanzia asubuhi, watu wanacheka, wanapiga picha na wewe, halafu jioni uko kwenye daladala unawaza mwezi ujao utaitwa wapi, basi haya ni yako. Mi nilikaa hapo miaka minne. Nilikuwa na jina la kampuni, muhuri na kadi za biashara, ila kampuni yenyewe ilikuwa mdomo wangu. Sauti ikanikauka wiki mbili, na kampuni nayo ikakauka.

Makaratasi nitayapita haraka maana hayo mtu yeyote wa mtaani atakuelekeza. Sajili kampuni BRELA (wakala wa usajili wa biashara Tanzania), chukua TIN, ile namba ya mlipa kodi, pale TRA, leseni ya biashara, mashine ya risiti ya EFD. Ukitaka kazi za serikali lazima uwe ndani ya NeST, huo mfumo wa zabuni ulioanza 2023, usisubiri tangazo litoke ndo uanze kuhangaika na pasiwedi. Na ujue mapema kwamba mteja mkubwa akikulipa atakukata kodi ya zuio 5%, yani invoisi ya milioni 6 inaingia benki 5,700,000. Mdai cheti cha zuio siku hiyohiyo, kile ni hela yako, inahesabiwa kwenye kodi yako wakati wa hesabu za mwaka. Mengine muulize mhasibu, na umlipe jamani, sio kila siku "nisaidie kidogo tu".

Sasa tuje kwenye yenyewe. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuuza "mafunzo ya uongozi kwa wote". Wakurugenzi, wanafunzi, kwaya, saccos, wote nilikuwa nao, na kwa kila mmoja natunga mada upya usiku. Na huko juu kwa viongozi wakubwa wenyewe wapo, Taasisi ya Uongozi ipo tangu 2010 na imejengwa kwa kazi hiyohiyo, wewe na laptop yako ya mkopo unaenda kushindana na nini? Nikashuka chini. Nikamtafuta mtu aliyepandishwa cheo juzi. Muuguzi aliyefanywa mkuu wa wodi, fundi aliyefanywa supavaiza, mwalimu aliyeamka siku moja ni mkuu wa shule. Huyu hamna aliyemfundisha jinsi ya kumwambia mwenzake "umechelewa mara ya tatu" wakati jana walikula chipsi sahani moja. Tatizo lake ni moja, linajulikana, na kila taasisi inao hao watu. Chagua mtu wako mmoja namna hiyo, hata kama mwanzo utaona unakataa hela. Nilikataa kazi mbili mwezi wa kwanza na nyumbani hawakunielewa kabisa.

Ukishampata, toa kazi kichwani uiweke kwenye karatasi, na hapa ndo wengi tunakwama kwa sababu tunapenda kusifiwa. Angalia Dale Carnegie, Mmarekani aliyeanzisha kampuni ya mafunzo yenye jina lake. Mwaka 1912 alienda YMCA (chama cha vijana wa Kikristo) pale New York akaomba alipwe dola 2 kwa kila usiku wa kufundisha watu kuongea mbele za watu, wakamkatalia, wakakubaliana agawane nao mapato. Inasimuliwa kwamba darasani maneno yakamuishia, akawaambia wanafunzi wasimame mmoja mmoja waeleze kitu kilichowahi kuwakasirisha. Wakaongea mpaka woga ukaisha. Sasa ile sio kipaji, ile ni mbinu, na mbinu mtu mwingine anaweza kuifanya. Yeye alifariki 1955 na kampuni bado inafundisha nchi kibao, na walimu ni watu ambao hawajawahi hata kumuona.

Kwa hiyo andika mwongozo wa mwezeshaji, yani wa yule anayeendesha darasa. Sisemi slaidi, slaidi ni za mshiriki. Mwongozo unasema: saa 3:10 gawa watu wawili wawili, mmoja awe bosi mwingine awe mchelewaji, dakika 6, halafu wabadilishane, halafu uliza swali hili. Andika mpaka utani. Andika na lile swali ambalo kila darasa linauliza (mtu mzima kuliko mimi namuonyaje? nimuite mzee au nimuite jina?) pamoja na njia ya kulijibu. Wa kwangu ulinichukua miezi mitatu na kurasa 41 kwa mafunzo ya siku mbili tu.

Ukimaliza mpe mtu mwingine afundishe, wewe kaa nyuma NYAMAZA. Itakuuma. Wa kwangu alikuwa dada mmoja aliyekuwa mkuu wa zamu kiwandani, hajui kuchekesha hata kidogo, nikawa najikuna kwenye kiti. Mapumziko ya chai washiriki wamemzunguka wanamuuliza mambo ya zamu za usiku, mimi wamenipita wanafuata sambusa. Pale ndo nilielewa kampuni imeanza. Usiwaajiri wawezeshaji mwanzoni lakini, walipe kwa siku, kwa mkataba wa maandishi.

Halafu acha kuuza siku, uza safari ya wiki nane hivi. Siku mbili ukumbini, kazi ya kufanya ofisini, mnafuatana kwenye kikundi cha WhatsApp, kisha nusu siku ya kurudi. Kabla hujaanza kaa na bosi wa mshiriki akutajie vitu viwili anavyotaka vibadilike, na mwisho rudi kwake na vilevile viwili. Profesa Mmarekani Donald Kirkpatrick aliandika tangu 1959 kwamba mafunzo yanapimwa kwa ngazi nne, walipenda, walijifunza, wanafanya tofauti, na taasisi imepata nini. Sisi karibu wote tunaishia ya kwanza, ile karatasi ya mwisho ambayo watu wanaandika "chakula kilichelewa". Ukifika ya tatu tu mteja anakuita tena mwenyewe.

Kuhusu posho niseme wazi kwa sababu imeua urafiki mwingi. Washiriki watauliza posho na nauli hata kabla ya kuuliza mada. Iandikwe kwenye barua ya mteja nani analipa na kiasi gani, na kamwe usibebe wewe. Niliwahi kukubali kubeba bahasha za mteja mmoja, majina 32 kwenye orodha wakaja watu 37, hao watano niliwalipa mfukoni kwangu na mteja mpaka leo ananiambia "tutaangalia".

Na hela inakuja kwa msimu, ipangie. Mwaka wa fedha wa serikali unaisha Juni 30, kwa hiyo Mei na Juni simu hazikauki, kila mtu anataka kumaliza bajeti, halafu Julai na Agosti kimya kama ukumbi baada ya harusi. Miezi hiyo ndo ya kuwafuata wa binafsi: viwanda, hoteli, shule. Pia usiegemee mteja mmoja. Marekani ilivyosimamisha misaada Januari 2025, kuna wenzangu ambao karibu kazi zao zote zilikuwa za miradi ya misaada, wakaamka hamna kitu. Mi najiwekea mteja yeyote asizidi theluthi ya mapato, sifanikiwi kila mwaka ila inanizuia kubweteka. Na dai nusu kabla ya kuanza, wakikataa basi angalau ukumbi na chakula walipe wao moja kwa moja.

La mwisho, ukishaandika mwongozo utaibiwa. Weka kipengele kwenye mkataba wa wawezeshaji, sajili kazi yako COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, ila jiandae kisaikolojia. Mwaka juzi niliingia hoteli moja Morogoro kula mchana, mlango wa ukumbi uko wazi, naona slaidi zangu ukutani, nembo nyingine, na lile neno nililokosea kuandika kwenye slaidi ya tisa bado lipo vilevile. Nikamaliza wali wangu, nikafungua laptop palepale mezani nikalirekebisha kwenye za kwangu.