Saa 24 za Guangzhou: kwa mgeni anayekuja na kwa ndugu anayempokea

Ndugu zetu walioko Dar es Salaam, Mombasa, Kampala na Bujumbura wakisikia kwamba una nyumba Guangzhou, kusini mwa China, huwa wamekwishaondoa gharama ya hoteli katika hesabu ya safari. Siwalaumu, kwa sababu hata mimi nililelewa katika nyumba ambayo mgeni alifika na begi lake jioni, akatandikiwa mkeka, na hakuna aliyemuuliza karatasi. Nimeishi katika mji huu kwa miaka kadhaa, nina kibali halali cha kuishi, na nilijiona mwenyeji wa kutosha kumpokea mdogo wangu alipokuja kwa ajili ya maonyesho ya biashara ya Canton (jina la zamani la Guangzhou), yale yaliyoanza mwaka 1957 na ambayo siku hizi hufanyika mtaa wa Pazhou kila Aprili na Oktoba. Yaliyotukuta ndiyo yaliyonifanya niandike mwongozo huu, na nitayaeleza kwa urefu kwa sababu mengine yote ya safari hii unaweza kuyarekebisha ukikosea, lakini hili la kumsajili mgeni polisi likikupita limekupita.

Mdogo wangu alilala hotelini siku mbili za mwanzo. Mapokezi walichukua pasipoti yake, wakaipiga picha, wakaiingiza kwenye mtandao wa polisi, na hakujua hata kwamba jambo lolote la kisheria limefanyika. Siku ya tatu, Jumapili, nilimchukua nikamleta nyumbani kwangu karibu na Xiaobei, mtaa wenye Waafrika wengi, tukapika ubwabwa, tukazungumza hadi usiku wa manane. Nilidhani kwamba usajili wa hoteli unamfuata mgeni mpaka siku ya kuondoka. Nilidhani pia kwamba kama kuna karatasi ya kujaza, Jumatatu au Jumanne itatosha, kwa kuwa Jumapili ofisi hazifanyi kazi. Yote mawili yalikuwa makosa.

Sheria ya kuingia na kutoka nchini China, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2013, inasema katika kifungu cha 39 kwamba mgeni anayelala mahali ambapo si hotelini lazima asajiliwe katika kituo cha polisi cha eneo hilo ndani ya saa 24 tangu alipofika, na kwamba anaweza kujisajili mwenyewe au kusajiliwa na mtu aliyempokea. Hoteli inapomsajili mgeni, inamsajili kwa siku anazolala pale tu. Akirudisha ufunguo, polisi wanaona kwamba ameondoka, na saa 24 mpya zinaanza kuhesabiwa pale anapoweka begi lake. Wikendi haisimamishi hesabu hiyo. Sikukuu haisimamishi hesabu hiyo. Kufika saa nane za usiku ukiwa umechoka hakusimamishi hesabu hiyo.

Jumatano asubuhi mdogo wangu alitoka kituo cha treni za chini ya ardhi cha Xiaobei, na askari wawili wakamwomba pasipoti. Alikuwa na nakala yake tu, kwa sababu mama alimwonya kwa simu asitembee na pasipoti asije akaibiwa. Huo ni ushauri mzuri kwa Kariakoo, na ni ushauri mbaya sana kwa China, ambako kila mgeni mwenye umri wa miaka 16 na zaidi anatakiwa na sheria kutembea na pasipoti yenyewe. Wakampeleka kituoni, wakatafuta jina lake, wakakuta kwamba tangu Jumapili hana anwani. Nilipigiwa simu nikiwa kazini. Nilipofika na pasipoti, nilidhani nitaeleza, nitaomba radhi, na tutaondoka. Tulikaa kwa saa sita. Alitozwa faini, nami nikaandikishwa maelezo ya kwa nini nimemlaza mtu nyumbani bila kumsajili. Kiwango cha juu cha faini kwa kosa hilo ni yuan 2,000, na yetu haikufika huko, lakini fedha ndiyo iliyotuuma kidogo kuliko yote. Siku hiyo ndiyo aliyokuwa akutane na mtengenezaji wa mashine za kukamua alizeti, na yule mtu hakumsubiri.

Kisha polisi wakampigia mwenye nyumba wangu. Mkataba wangu wa pango ulikuwa na jina moja, langu, na yeye hakuwa na habari ya mgeni. Hakunigombeza. Aliniambia kwa upole kabisa kwamba mkataba ukiisha hataurefusha, na miezi miwili baadaye nikahama mtaa ambao nilikwishaufanya kwetu.

Kwa hiyo nasema, na nitarudia: kila anapohama mahali pa kulala, hesabu inaanza upya. Kutoka hotelini kuja kwako ni usajili mpya. Kutoka kwako kwenda kulala kwa rafiki Foshan, mji wa jirani, ni usajili mpya, na ni kituo kingine cha polisi. Akivuka kwenda Hong Kong kwa siku mbili, amehesabiwa kuwa ametoka China bara, na akirudi atasajiliwa upya hata kama anarudi kwenye kitanda kile kile. Hapo pana shimo jingine lililowameza wengi: mwenye viza ya kuingia mara moja akivuka kwenda Hong Kong au Macau ameimaliza viza yake, na harudi Guangzhou mpaka apate nyingine. Msimpeleke mgeni wenu Hong Kong kutembea kabla hamjafungua pasipoti yake na kusoma idadi ya kuingia iliyoandikwa kwenye viza.

Usajili wenyewe ni kazi ndogo, na hilo ndilo linaloniumiza. Kituo cha polisi cha mtaa huitwa paichusuo, na kila mtaa una chake. Mwenyeji na mgeni huenda pamoja wakiwa na pasipoti ya mgeni yenye viza na muhuri wa kuingia, mkataba wa pango, na nakala ya kitambulisho cha mwenye nyumba. Hiyo ya mwisho ndiyo hukosekana, kwa hiyo iombeni siku mnayosaini mkataba. Hakuna ada. Mtapewa karatasi ya usajili wa makazi ya muda, ambayo mgeni aipige picha na kuitunza mpaka atakapopanda ndege. Wapo wanaokwambia kwamba wao wameishi hivihivi kwa miaka na hawajaulizwa kitu. Niliambiwa hayo na watu ninaowaheshimu, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa nami siku ile kituoni.

Nyumba ndogo za kulala zinazopangishwa kwa programu za simu zinahitaji tahadhari hiyo hiyo. Kabla hujalipa, muulize mwenye nyumba kama anampokea mtu mwenye pasipoti ya kigeni na kama atamsajili polisi. Asipojibu moja kwa moja, lipia hoteli.

Kuhusu muda wa viza, sitaandika mengi kwa sababu kila mmoja anajua kusoma tarehe. Kila siku unayozidisha inaweza kukutoza yuan 500 hadi kufikia yuan 10,000, au ukawekwa kizuizini kati ya siku tano na kumi na tano. Na mwenye viza ya kutembea au ya biashara asikubali kibarua cha siku moja, hata kama kimeletwa na Mswahili mwenzake.

Simu zinazofaa kuandikwa kwenye karatasi, kwa sababu betri huisha, ni hizi: polisi 110, zimamoto 119, gari la wagonjwa 120, ajali za barabarani 122. Namba 12345 ni ya huduma za mji kwa malalamiko ya kawaida. Muhimu kuliko zote kwetu ni 12367, ya Idara ya Taifa ya Uhamiaji, inayojibu mchana na usiku kwa Kichina na Kiingereza. Ukiwa na shaka yoyote juu ya usajili au viza, ipigie kabla hujamuuliza shemeji. Tanzania na Uganda zina ubalozi mdogo hapa Guangzhou, na balozi zetu kamili ziko Beijing. Tafuteni namba zao za sasa kabla ya kusafiri, na mkumbuke kwamba ubalozi unaweza kukuandikia barua na kukutembelea kizuizini, lakini hauwezi kufuta sheria ya nchi nyingine.

Mengine ni ya kawaida. Laini ya simu hununuliwa kwa pasipoti. Malipo karibu yote hufanywa kwa programu za simu za Alipay au WeChat, ambazo hupokea kadi za benki za kigeni, hivyo unganisha kadi ukiwa bado nyumbani, ambako ujumbe wa uthibitisho wa benki unakufikia bila shida. Treni ya njia ya tatu hukutoa uwanja wa ndege wa Baiyun mpaka katikati ya mji. Hospitalini hutangulia kujiandikisha na kulipa, kisha daktari. Anwani ya mahali unapolala iwe imeandikwa kwa herufi za Kichina, kwa kuwa dereva wa teksi hatasoma za kwetu.

Kwa wazazi na shangazi walioko nyumbani nina ombi moja. WhatsApp, Facebook na Google havifunguki kwenye intaneti ya kawaida ya China. Mtoto wenu akinyamaza siku nzima hajatekwa, na hakuna sababu ya kuanza kuchangisha maombi kwenye kundi la ukoo. Fungueni WeChat mapema, maana hiyo hutuma ujumbe pia, na akaunti mpya mara nyingi hutaka mtu aliyekwisha kuwa na yake akuthibitishe, na kumbukeni kwamba sisi tuko mbele kwa saa tano, au saa sita kwa walioko Bujumbura.

Nimejiuliza mara nyingi kama nchi hii inatuonea. Jibu langu haliko upande mmoja. Mwanamke anaweza kutembea peke yake hapa saa saba za usiku bila kugeuka nyuma, na nimesaidiwa na watu wasionijua ambao walisimama mvuani wakitafsiri kwa simu zao mpaka nikapata njia. Utulivu huo umejengwa juu ya imani kwamba serikali lazima ijue kila mtu amelala wapi, raia na mgeni, na Wachina niliowauliza hawaoni ajabu. Lakini sheria iliyo sawa kwenye karatasi haimwangukii kila mtu kwa uzito ule ule. Waafrika wengi walioishi hapa Aprili 2020, wakati wa Korona, walitolewa majumbani na hotelini wakalala barabarani, wakiwemo waliokuwa na kila karatasi, na sisi wa Xiaobei na Sanyuanli, mtaa mwingine wa Waafrika, bado tunaombwa pasipoti mara nyingi kuliko Wazungu wa Pazhou. Ndiyo maana nasisitiza karatasi: anayetazamwa zaidi hana nafasi ya kukosea, na si haki, lakini ndivyo tunavyoishi.

Siku hizi mgeni wangu akifika, tunaacha mabegi mlangoni. Chakula kinasubiri jikoni. Nakala ya kitambulisho cha mwenye nyumba wangu mpya iko kwenye bahasha ukutani, pembeni ya funguo, na tunakwenda kituoni kwa miguu, dakika kumi na mbili, kabla mgeni hajavua viatu.