Kingo za chuma pembeni mwa barabara: hesabu ya urefu

Juzi kijana wa ofisini alinionyesha mchoro: kalavati la mita 8, kingo za mita 8 juu yake. Nilicheka, maana mchoro wangu wa kwanza ulikuwa hivyo hivyo.

1. Je, zinahitajika? Kingo nazo hugongwa. Mti ukiweza kukatwa, mtaro ukiweza kulazwa mteremko, achana na vyuma.

2. Aina. Kwa viwango vya Ulaya, EN 1317, kingo zina madaraja ya nguvu: N2 hujaribiwa kwa gari la kilo 1,500, H2 kwa basi la tani 13. Penye mabasi na korongo, kama mlima Kitonga kule Iringa, N2 mimi siijadili.

3. Urefu. Hapa nilipoteza siku nzima. Gari haliachi njia mbele ya kalavati. Huiacha mbali kabla, likienda mshazari, likapita nyuma ya kingo fupi hadi shimoni. Pima kutoka ukingo wa njia: A ni umbali hadi mwisho wa shimo upande wa mbali, B ni umbali hadi kwenye kingo za chuma. R ni umbali ambao gari hukimbia nje ya barabara kabla ya kusimama. Kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa na magari mengi, mwongozo wa AASHTO, chama cha idara za barabara za majimbo ya Marekani, hutoa mita 70.

Urefu = R × (A − B) ÷ A

A ikiwa 6 na B 2, unapata mita 46.7, zote kabla kalavati halijaanza. Bati moja la kingo hufunika mita 3.81, basi mabati 13.

Usiishie hapo! Barabara ni ya njia mbili, na anayekuja kutoka upande wa pili naye huacha njia. Kwake pima kutoka mstari wa kati: ongeza njia ya mita 3.5, A iwe 9.5, B 5.5. Jibu 29.5, mabati 8 ng'ambo ya kalavati.

Mimi hupima kwa kamba na vigingi kabla ya kufungua kompyuta. Programu haioni kinjia cha kwenda shambani katikati ya hizo mita 46. Kikiwepo, hamisha kinjia, usikate kingo.

4. Nafasi ya nyuma. Kingo za W4, daraja la EN 1317 la nafasi ya kusogea, zikigongwa hutaka hadi mita 1.3. Nguzo ya umeme isikae humo.

5. Miisho. Usiilaze ardhini, gari hupanda na kubinuka. Bati ambalo magari hulifikia kwanza lifunike linalofuata, kwa mwendo wa magari.

Mwezi mmoja baadaye rudi uhesabu nati. Wauza chuma chakavu nao huzihesabu.