Somo: Kutafuta Hitilafu ya Umeme kati ya Betri na Amplifaya ya Gari

Amplifaya inapozimika kila besi inapopiga, au gari linapogoma kuwaka asubuhi ilhali muziki ulizimwa tangu jana yake, wengi hukimbilia kununua betri mpya, na wengine huibadilisha amplifaya yenyewe. Nimeona fedha nyingi zikipotea kwa njia hiyo, nami naandika somo hili kwa sababu hitilafu nyingi za aina hii hazimo ndani ya betri wala ndani ya amplifaya, bali zimo katika njia inayoviunganisha vifaa hivyo viwili: waya, fyuzi, viungo, na hasa athi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia bodi la gari). Ninachokuomba ukishike tangu mwanzo ni hiki: usibadilishe kifaa chochote kabla ya multimita (kifaa cha kupimia umeme) kukuonyesha kwamba ndicho chenye kosa, na upime wakati mzigo, yaani vifaa vinavyovuta umeme, unafanya kazi, kwa kuwa waya mbovu usiopitisha umeme mwingi huonyesha volti zilezile za waya mzima.

Utahitaji multimita inayopima volti za DC na ampea hadi 10, waya mwembamba wa mita tano hivi, spana, na msasa. Kabla ya kuanza, vua pete na saa ya chuma, na usisogeze moto wala cheche karibu na betri, kwa sababu betri ya asidi hutoa gesi ya haidrojeni inapochajiwa. Ukifungua betri, anza na terminali ya hasi. Ukirudisha, malizia na hiyo hiyo ya hasi, ili spana ikigusa bodi la gari bahati mbaya isipige shoti. Hakikisha pia kwamba unazo namba za siri za redio, kwa maana redio nyingine huzidai baada ya kukatiwa umeme.

Hatua ya 1: Pima betri ikiwa imepumzika

Liache gari limezimwa usiku kucha, au angalau saa kadhaa, kisha pima moja kwa moja juu ya terminali za betri. Betri nzima iliyojaa husoma volti 12.6 hadi 12.7, ikisoma 12.4 imebaki takriban robo tatu, 12.2 ni nusu, na karibu na 12.0 imebaki robo. Usipime mara tu baada ya safari, kwa sababu chaji ya juujuu itakudanganya kwamba betri ni nzuri. Kisha mwombe mwenzako awashe injini huku ukitazama kipimo: kikishuka chini ya volti 9.6 wakati stata inazunguka, na betri ilikuwa imejaa, basi betri imechoka kweli na hapo kununua nyingine kuna haki.

Hatua ya 2: Pima altaneta

Altaneta ndiyo inayozalisha umeme na kuichaji betri injini inapowaka. Injini ikiwa katika sailensa, yaani inawaka bila kukanyaga mafuta, volti za betri zinatakiwa kupanda hadi 13.8 au 14.4 hivi. Washa taa kubwa, feni na muziki kwa pamoja. Zikishuka kidogo si tatizo. Zikishuka chini ya 12.8, maana yake altaneta imezidiwa na betri ndiyo inayolisha mzigo uliobaki, kwa hiyo itaisha hata ukiwa unaendesha. Magari mengi ya kisasa huongozwa na kompyuta inayopandisha na kushusha volti za kuchaji kwa makusudi, hivyo rudia kipimo ukiwa umewasha mzigo kabla ya kutoa hukumu.

Hapa fanya hesabu moja ya uaminifu. Amplifaya ya daraja D yenye nguvu halisi ya wati 1000 na ufanisi wa asilimia 80 huvuta wati 1250 kutoka kwenye gari, na ukigawa kwa volti 13.8 unapata takriban ampea 90. Altaneta ya ampea 90 ina injini, taa na feni za kulisha pia, kwa hiyo haiwezi kubeba mzigo huo kwa muda mrefu. Ni kweli kwamba muziki hauvuti nguvu zote kila sekunde, lakini ukisikiliza kwa sauti ya juu njia nzima, usitegemee betri ijaze pengo hilo siku zote.

Hatua ya 3: Tafuta volti zinazopotea njiani

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Ampea 60 zikipita katika kiungo chenye ukinzani wa omu 0.02 tu, zinapotea volti 1.2 mahali hapo, na wati 72 zinageuka kuwa joto ndani ya kiungo kimoja. Omu 0.02 ni ndogo kiasi kwamba multimita ya kawaida haiwezi kuipima kwa uhakika, ndiyo maana fundi anayepima waya kwa omu hutangaza kwamba ni mzima. Volti chini ya mzigo hazifichi kitu.

Tafuta rekodi ya mlio mmoja usiobadilika wa hezi 50, uicheze kwa sauti ya wastani kwa sekunde chache kwa kila kipimo, kwa sababu besi ya muziki hupanda na kushuka haraka kuliko multimita inavyoweza kusoma. Injini ikiwa inawaka, refusha ncha ya multimita kwa ule waya mwembamba. Wembamba wake hauna madhara kwa kuwa haubebi mkondo wa amplifaya. Weka ncha moja kwenye terminali chanya ya betri, juu ya nguzo yenyewe na si juu ya kibanio, na nyingine kwenye terminali chanya ya amplifaya. Namba unayoiona ndiyo volti zinazopotea upande wa chanya. Kisha fanya vivyo hivyo kati ya nguzo ya hasi ya betri na terminali ya amplifaya iliyoandikwa GND. Upande wa chanya nakubali hadi volti 0.5 kwa mfumo mkubwa. Upande wa athi napenda isizidi 0.2.

Ukikuta zaidi ya hapo, gawanya njia vipande vipande: betri hadi fyuzi, fyuzi yenyewe, fyuzi hadi amplifaya. Kipande chenye volti nyingi ndicho chenye ugonjwa, na mara nyingi ukikigusa kwa uangalifu utakikuta kina joto.

Niliwahi kupokea gari ambalo mwenyewe alikuwa amebadilisha betri mara mbili ndani ya miezi sita. Betri ilisoma 14.1 injini ikiwaka, lakini kwenye amplifaya, mlio ulipoanza, volti zilianguka hadi 12.2. Upande wa chanya ulipoteza 0.3 tu, upande wa athi ulipoteza 1.6. Waya wa athi ulikuwa mnene na mzuri, ila ulifungwa chini ya bolti ya kiti. Nilipoifungua bolti nilikuta rangi ya gari iko salama kabisa chini ya kichwa cha waya, inang'aa kama ilivyotoka kiwandani, na umeme wote ulikuwa ukipita katika nyuzi za bolti peke yake. Nilichagua sehemu nene ya bodi karibu na hapo, nikaisugua kwa msasa hadi chuma kikawa cheupe, nikakaza waya, nikapaka grisi juu yake kuzuia kutu. Kipimo kilishuka hadi 0.08, na betri ile ile iliendelea kufanya kazi.

Angalia pia waya unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye bodi, kwa kuwa umeme wa amplifaya hurudi kwa njia hiyo. Na uikague aina ya waya wenyewe: seti nyingi za bei nafuu ni aluminiamu iliyopakwa shaba, ambayo ukinzani wake ni mkubwa zaidi kuliko wa shaba tupu ya unene uleule. Ukiukwangua kwa kisu na ndani kukawa na rangi ya fedha, chagua waya mnene zaidi au badilisha uwe wa shaba.

Hatua ya 4: Taa nyekundu ya kinga

Amplifaya ikiwasha taa nyekundu na kukaa kimya, zima, chomoa nyaya za spika na za RCA (zinazoleta sauti kutoka kwenye redio), ubakize umeme peke yake, kisha washa tena. Taa ikiendelea, na volti kwenye terminali zake ni za kutosha, kosa liko ndani ya amplifaya. Ikizimika, kosa liko nje. Spika ya omu 4 iliyochomolewa husoma karibu omu 3.2 hadi 3.8, ikisoma chini sana, koili yake imeungua. Pima pia kati ya kila waya wa spika na bodi la gari: hapo pasiwe na njia kabisa.

Hatua ya 5: Umeme unaovuja gari likiwa limezimwa

Zima kila kitu, funga milango, na usubiri hata dakika 30 hadi kompyuta za gari zilale. Weka multimita kwenye ampea 10, hamishia waya wake mwekundu kwenye tundu la ampea, kisha iunganishe kati ya nguzo ya hasi ya betri na waya wa hasi uliofunguliwa. Usiwashe swichi wala injini wakati huo, la sivyo utaunguza fyuzi ya multimita. Mvujo wa kawaida ni ampea 0.05 au chini yake. Ukiwa mkubwa, chomoa fyuzi ya amplifaya na uangalie kama kipimo kinashuka. Ukimaliza, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti papo hapo; ukiusahau na kupima betri, utapiga shoti kupitia multimita.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Fundi, ahsante kwa somo. Taa za gari langu hufifia besi ikipiga, na muuzaji amenishauri nifunge kapasita (kifaa kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi) ya faradi 1. Je, itasaidia?

Jibu: Ndugu yangu, hebu tuipime kwa hesabu. Kapasita ya faradi 1 ikishuka kutoka volti 14.4 hadi 12.4 hutoa ampea 20 kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, kisha inahitaji kujazwa na altaneta ileile iliyochoka. Inaweza kulainisha mpigo mfupi, lakini haizalishi umeme. Fanya hatua ya 2 na ya 3 kwanza, na uanze na athi.

Swali: Fyuzi iliyo karibu na betri inaungua mara tu ninapoichomeka, hata redio ikiwa imezimwa. Niweke kubwa zaidi?

Jibu: Hapana, tafadhali usifanye hivyo. Fyuzi ile inalinda waya usiwake moto, ndiyo maana tunaifunga ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri. Fungua waya chanya upande wa amplifaya, uufunge ncha kwa utepe wa umeme, kisha chomeka fyuzi mpya ya kipimo kilekile. Ikiungua tena, waya umechubuka mahali fulani; anza kutazama pale unapopita katika ukuta wa chuma kati ya injini na chumba cha abiria. Isipoungua, amplifaya ina shoti ndani, mara nyingi katika transista za sehemu yake ya kupokea umeme, na jambo hilo hutokea pia chanya na hasi zikigeuzwa wakati wa kufunga.

Swali: Mwalimu, betri yangu ya ampea-saa 60 hulala kabisa nikiegesha gari siku mbili. Nimepima mvujo, ni ampea 0.8, na unakoma nikichomoa fyuzi ya amplifaya.

Jibu: Umepima vizuri. Ampea 0.8 kwa saa 48 ni ampea-saa 38, na betri iliyopoteza kiasi hicho haina nguvu ya kuzungusha stata. Pima terminali ya REM ya amplifaya, ile inayopokea waya wa rimoti wa kuiamuru iwake, redio ikiwa imezimwa: inatakiwa kuwa sifuri. Ukikuta volti 12, waya wa rimoti umeungwa kwenye umeme wa kudumu, nawe uuhamishie kwenye waya wa redio ulioandaliwa kwa kazi hiyo. Ukikuta sifuri na mvujo unaendelea, peleka amplifaya kwa fundi wa elektroniki. Baada ya hapo ichaji betri kwa chaja hadi ijae, kwa maana betri ya asidi inayoachwa tupu huota salfeti kwenye sahani zake na kupoteza uwezo.

Swali: Nasikia mlio mwembamba kwenye spika, unaopanda nikikanyaga mafuta.

Jibu: Chomoa nyaya za RCA kwenye amplifaya huku injini ikiwaka. Mlio ukikoma, unaingilia kwenye nyaya hizo au kwenye redio: zipitishe upande wa gari ulio mbali na waya mkubwa wa umeme, na uhakikishe athi ya redio imekazwa vizuri. Usipokoma, rudi kwenye athi ya amplifaya.

Swali: Nataka kuongeza betri ya pili kwenye buti. Niangalie nini?

Jibu: Kwanza altaneta, kwa sababu betri mbili bado zinategemea chanzo kimoja. Ukiridhika nayo, tumia betri ya AGM ambayo haimwagi asidi, ifunge imara isiruke gari likipiga breki, na uweke fyuzi karibu na kila betri, kwa kuwa waya ulio kati yake una umeme kutoka pande zote mbili.